Mitungo ya mawe na vifaa vya kutungia: ya kukagua kabla hujakata uzi

Anayetengeneza vidani, bangili na hereni kwa mkono mara nyingi hanunui jiwe mojamoja. Hununua mtungo: shanga za mawe zilizotobolewa, zikapangwa kwenye uzi wa muda wenye urefu wa sentimita 38 hadi 40, ncha zikafungwa. Tathmini hii ni ya mitungo hiyo, hasa ya milimita 4 hadi 10, pamoja na vitu vinavyokaa nayo kwenye meza ya kazi: waya wa kutungia, krimpu (vibomba vidogo vya chuma vinavyobanwa ili kushika ncha za waya), uzi wa hariri na vyuma vya kufungia.

Hukumu yenyewe naitoa mapema. Kwatzi, ametisti, akiki na garneti za mtungo ni bidhaa nzuri hata kwa anayeanza, kwa sababu ni ngumu, zinavumilia makosa ya mkono, na udanganyifu wake si mgumu kuugundua. Feruzi, lulu, kaharabu na malakiti nunua kwa muuzaji anayekubali kuulizwa maswali na kuyajibu. Vyuma vilivyopakwa dhahabu bila kutajwa unene wa dhahabu hiyo viache dukani, havistahili kukaa na jiwe zuri.

Tundu kwanza

Wengi hukagua rangi. Mimi nasema anza na tundu, kwa maana hapo ndipo kazi nyingi hufia. Ushanga wa jiwe hutobolewa kutoka pande mbili, keekee ikutane katikati. Fundi akiharakisha, vishimo viwili havikutani sawasawa, na ndani panabaki kidaraja chenye ukingo mkali. Kwa nje ushanga ni safi, umeng'arishwa, hauna kasoro. Lakini kila kidani kinapotikisika shingoni, kidaraja hicho kinakwaruza hariri au kinamenya plastiki ya waya. Baada ya muda uzi unakatika, na anayelaumiwa ni uzi.

Ukaguzi wake hauhitaji kukata mtungo. Sogeza shanga mbilimbili kwenye uzi wake wa muda ili midomo ya matundu ionekane, kisha tazama kwa lenzi ya sonara ya kukuza mara 10. Mapengo madogo mdomoni ni ya kawaida, hasa kwenye shanga zenye pembe. Pengo linaloonekana kwa macho matupu, mkono ukiwa umenyooka, ni sababu ya kukataa, kwani hapo ndipo ufa huanzia. Baada ya hapo nyoosha mtungo juu ya meza na uuviringishe polepole kwa kiganja. Shanga zilizotobolewa katikati huzunguka kwa utulivu, na zilizotobolewa kando huruka juu na kushuka. Mtungo wenye shanga tatu au nne za namna hiyo bado unafaa, utazitumia kwenye hereni. Nusu ya mtungo ikiruka, rudisha.

Kipenyo cha tundu ni jambo jingine ambalo wauzaji huliacha nje ya maelezo, nalo ndilo linaloamua kama utaweza kutumia ulichonunua. Ushanga wa jiwe wa milimita 8 mara nyingi una tundu la milimita 1 au pungufu kidogo. Wa milimita 4 huweza kushuka hadi 0.6. Lulu ndiyo yenye taabu zaidi: tundu lake mara nyingi ni kati ya 0.5 na 0.8, kwa sababu anayeuza lulu kwa uzito hataki kupoteza chochote kwenye tobo. Sasa linganisha na vyuma. Pini ya hereni huuzwa sana katika unene wa milimita 0.5, 0.64 na 0.8. Pini ya 0.64 haipiti kwenye lulu ya 0.6, hata uisukume vipi, na ukiilazimisha lulu inapasuka mdomoni. Kwa hiyo andika kipenyo cha tundu kwenye oda yako kama unavyoandika rangi. Muuzaji asipokijua, mwombe apitishe pini ya 0.64 na akupigie picha.

Kupanua tundu kunawezekana kwa kipekecho cha mkono chenye ncha ya almasi. Loweka ushanga na ncha ndani ya maji, zungusha bila kusukuma, ingia upande mmoja hadi nusu, geuza, maliza upande wa pili. Ukitokea upande mmoja tu, mdomo wa pili unabanduka kipande. Lulu hupanuka upesi kwa sababu ni laini. Kwatzi huchukua muda, na ongezeko linalozidi milimita 0.2 kwa mkono ni kupoteza siku. Badilisha pini, acha jiwe. Maji hayo si ya kupoza ncha pekee. Vumbi la kwatzi likivutwa hudhuru mapafu na madhara yake hayarudi nyuma, na vumbi la malakiti lina shaba ndani yake. Usitoboe wala kusugua jiwe lolote likiwa kavu.

Idadi na uzito

Hesabu ya shanga ni rahisi: gawanya urefu wa mtungo kwa kipimo cha ushanga. Sentimita 40 za shanga za milimita 8 ni shanga 50. Za milimita 6 ni 66. Za milimita 10 ni 40. Mtungo wa sentimita 38 unakupa shanga 47 za milimita 8, yaani tatu pungufu, na tofauti hiyo inatosha kuharibu mpango wa bangili mbili zinazohitaji shanga 24 kila moja. Muuzaji anayeandika "mtungo mmoja" bila urefu wala idadi anakuachia wewe hasara hiyo.

Pima pia kwa kalipa, kifaa cha kupimia unene wa vitu vidogo. Shanga zilizoandikwa milimita 8 hutoka kati ya 7.5 na 8.3, na hiyo inavumilika ndani ya mtungo mmoja. Ukitunga mitungo miwili pamoja, mmoja ukiwa na wastani wa 7.6 na mwingine 8.2, jicho litaona mahali vinapokutana.

Uzito unaeleza mengi kuliko watu wanavyodhani. Ushanga wa duara wa kwatzi wa milimita 8 una takriban gramu 0.7, kwa hiyo mtungo wa shanga 50 unakaribia gramu 35. Resini yenye sura ileile itakupa karibu nusu ya hapo. Garneti nyekundu ya kawaida itapita gramu 50. Mwambie muuzaji aweke mtungo juu ya mizani kabla hujalipa. Ombi hilo halimgharimu chochote, nalo linaondoa plastiki yote mezani kwa pigo moja.

Kioo hakiondoki kirahisi hivyo, maana uzito wake uko karibu na wa kwatzi. Hapo unahitaji kipimo cha uzito ndani ya maji, na kwa maoni yangu hiki ndicho kipimo chenye thamani kubwa kuliko vyote ambavyo mtengenezaji anaweza kufanya nyumbani bila kuharibu kitu. Chukua mizani inayosoma hadi gramu 0.01. Pima jiwe likiwa kavu, andika. Weka glasi ya maji juu ya mizani na urudishe usomaji kwenye sifuri. Funga jiwe kwa uzi mwembamba, lizamishe lote likining'inia, lisiguse chini wala kuta za glasi. Namba inayotokea ni uzito wa maji yaliyosukumwa na jiwe. Gawanya uzito mkavu kwa namba hiyo.

Kwatzi, ametisti na sitrini hutoa 2.65, na akiki hukaribia hapo. Jiwe la gramu 10 likionyesha 3.77 ndani ya maji, liko kwenye kundi hilo, likionyesha 4.00, umepata 2.5, namba ya kioo cha kawaida. Feruzi ya asili hukaa karibu na 2.6 hadi 2.9, garneti 3.5 hadi 4.3 kutegemea aina, malakiti karibu na 3.6 hadi 4.0. Kosa linalotokea daima ni viputo vya hewa kunasa ndani ya tundu, ambavyo hufanya jiwe lionekane jepesi. Tone moja la sabuni ya vyombo ndani ya maji na kuutikisa ushanga kidogo kunatosha. Usipime ushanga mmoja wa milimita 4. Ni mdogo mno, kosa la gramu 0.01 linapotosha jibu lote. Pima kumi kwa pamoja.

Majina yanayouza na mawe yaliyomo

Biashara ya mitungo ina majina mengi ambayo hayamo kwenye elimu ya madini. "Opalaiti" ya mtungo, yenye weupe wa maziwa na mng'ao wa buluu, ni kioo. Jiwe la kahawia lenye chembe zinazometameta kama dhahabu, linalouzwa kama "jiwe la dhahabu", ni kioo chenye fuwele za shaba. "Kwatzi ya cheri" ni kioo. "Feruzi ya Afrika" ni yaspi, jiwe la jamii ya kwatzi. "Feruzi nyeupe" mara nyingi ni hauliti au magnesaiti, madini mengine meupe, na "jedi ya Malaysia" ni kwatzi iliyotiwa rangi. Hakuna ubaya kutunga kioo kizuri. Ubaya ni kukilipia kama jiwe na kumwuzia mteja kwa jina la jiwe.

Hauliti inastahili maelezo zaidi kwa sababu ndiyo inayovaa nguo za wenzake. Kwa asili ni nyeupe yenye mishipa ya kijivu, ugumu wake kwenye kipimo cha Mohs, kinachopanga mawe kwa ugumu kutoka 1 hadi 10, ni 3.5, na ina vinyweleo vinavyonyonya rangi vizuri. Ikitiwa buluu huuzwa kama feruzi, ikitiwa buluu iliyokolea huuzwa kama lazuli. Chovya pamba kwenye asetoni, sugua ushanga wa mwisho wa mtungo karibu na tundu kwa nusu dakika. Pamba ikipata buluu, jibu umepata. Rudia kwa spiriti, maana rangi nyingine hazitoki kwa asetoni lakini hutoka kwa spiriti. Kisha tazama mishipa kwa lenzi: rangi ya kutiwa hukusanyika kwenye nyufa na ndani ya tundu, ikawa nzito kuliko usoni. Pamba ikibaki safi, usishangilie bado. Rangi iliyofungiwa ndani kwa resini haitoki, na hapo rudi kwenye kipimo cha maji. Asetoni isiguse lulu, kaharabu wala jiwe lililopakwa utando wa rangi.

Feruzi halisi nayo karibu yote ya mitungo imeimarishwa kwa resini, kwa kuwa feruzi laini isiyotiwa kitu hunyonya mafuta ya ngozi na kugeuka kijani. Feruzi iliyoimarishwa naikubali bila kinyongo. Feruzi iliyosagwa ikaunganishwa kwa gundi ni bidhaa nyingine kabisa. Kwa lenzi utaona punje zenye kingo ndani ya kitu kinachong'aa tofauti, na mishipa myeusi iliyonyooka kupita kiasi.

Sitrini nyingi za sokoni ni ametisti iliyochomwa. Ni kwatzi ileile, rangi yake haififii, na hakuna sababu ya kuikwepa, ila usilipe bei ya sitrini ya asili kwa jiwe lenye ncha za rangi ya chungwa iliyoungua na mzizi mweupe. Oniksi nyeusi karibu yote ni kalsedoni, jiwe la jamii ya kwatzi, iliyotiwa weusi, na kazi hiyo inafanywa kwa ustadi kiasi kwamba weusi unadumu. Hapa hukumu yangu ni ya kukubali. Kwatzi ya kupasuliwa, ile iliyopashwa moto kisha ikatoswa ghafla kwenye rangi baridi ili ijae nyufa, naikataa kwa bangili: nyufa ndiyo bidhaa yenyewe, na ukigonga meza mara moja unabaki na nusu ya ushanga.

Yakuti nyekundu ya bei nafuu mno ina tatizo la pekee. Nyingi zimejazwa kioo chenye risasi kwenye nyufa zake. Kwa lenzi, ukiigeuza chini ya taa, utaona mimweko ya buluu ndani ya nyufa na viputo bapa. Jiwe hilo halistahimili tindikali. Hata maji ya limau huweza kula kioo hicho na kuacha mistari myeupe. Halistahimili moto wa kuchomea wala dawa ya sonara ya kusafishia fedha. Ukilitumia, lifunge kwa njia isiyohitaji moto, na mwambie mnunuzi.

Hematiti ya mtungo inayonaswa na sumaku kwa nguvu ni ya kutengenezwa, maana ya asili haivutwi hivyo. Kaharabu huelea kwenye maji ya chumvi: gramu 50 za chumvi katika mililita 250 za maji, koroga hadi iyeyuke. Plastiki nyingi na kioo huzama. Kopali, utomvu mchanga usiokomaa, huelea pia, ila ukiigusa kwa tone la asetoni inakuwa ya kunata, kwa hiyo jaribu kwenye ushanga uliokubali kuupoteza. Kwa lulu, sugua mbili pamoja polepole. Zikiteleza kama kioo ni za kuigiza, zikikwaruzana kwa ulaini wa mchanga ni lulu. Kisha tazama mdomo wa tundu. Rangi ya kupakwa hubanduka hapo kwa vigamba, lakini tabaka za lulu huonekana zikishuka ndani.

Herufi A, AA na AAA zisikushughulishe. Hakuna chombo kinachozisimamia kwa mitungo ya mawe. Kila muuzaji ana A zake. Zinakusaidia kulinganisha mitungo miwili ya muuzaji mmoja, basi. AAA ya duka moja huweza kuwa na nyufa ambazo duka jingine lingeziita A.

Ugumu na mahali pa kuvaliwa

Vumbi la kawaida la nyumbani lina chembe za kwatzi, ambayo ni 7 kwenye kipimo cha Mohs. Kila jiwe lililo chini ya hapo hukwaruzwa na vumbi hilo kila linapopanguswa kwa kitambaa kikavu. Ndiyo maana malakiti ya 3.5 hadi 4 na floriti ya 4 hupoteza mng'ao kwenye bangili, ilhali kwenye hereni hukaa miaka mingi. Lazuli na feruzi, 5 hadi 6, zinafaa kidani. Bangili na pete zipe kwatzi, akiki, garneti, topazi. Usitunge floriti katikati ya kwatzi bila kitu cha kuzitenganisha, kwa kuwa kwatzi itaila jirani yake. Ushanga mdogo wa fedha au fundo la hariri baina yao unatosha.

Waya, hariri na krimpu

Waya wa kutungia ni nyuzi nyembamba za chuma kisichoshika kutu zilizosokotwa na kupakwa nailoni. Idadi ya nyuzi ndiyo bei. Wa nyuzi 7 ni mgumu, hukunjika na kubaki na alama. Unafaa kwa mapambo ya siku moja. Wa nyuzi 19 unatosha kwa kazi nyingi. Wa nyuzi 49 huanguka shingoni kwa ulaini karibu na wa uzi, nao ndio ninaoupendekeza kwa kidani chochote cha mawe mazuri. Kampuni kama Beadalon na Soft Flex huandika idadi ya nyuzi na kipenyo kwenye bobini. Bobini isiyo na taarifa hizo mbili usiinunue.

Kipenyo cha milimita 0.36 ni cha lulu na shanga ndogo. 0.48 ndicho cha kazi za kila siku. 0.61 ni cha mawe mazito na matundu makubwa. Kanuni ni kuchagua waya mnene kadiri tundu linavyoruhusu, kwani waya mwembamba ndani ya tundu pana huchezacheza, na kucheza huko ndiko kunakoumenya.

Krimpu ndiyo sehemu ndogo kuliko zote, na hapa nasisitiza bila aibu: nunua ya bomba, ya fedha 925 (yenye asilimia 92.5 ya fedha safi) au ya dhahabu ya kuvishwa (naieleza kwenye sehemu ya vyuma), ukubwa wa milimita 2 kwa 2 kwa waya wa 0.48. Za duara za chuma cha kawaida kilichopakwa rangi ni ngumu na hupasuka ukizikunja. Koleo la krimpu lina mikato miwili. Pitisha waya kwenye krimpu, kwenye kishikizo, urudishe kwenye krimpu, na uhakikishe nyaya mbili zimelala sambamba bila kupishana. Bana kwenye mkato wa ndani, ule wenye jino, ili kila waya upate mfereji wake. Geuza krimpu robo mzunguko, bana kwenye mkato wa nje hadi ijikunje kuwa bomba dogo. Vuta kwa nguvu. Waya ukiteleza, ama nyaya zilipishana, ama krimpu ilikuwa kubwa kwa waya huo. Ikate uanze upya. Kubana mara ya tatu kunaikata. Mkia wa waya upite ndani ya shanga mbili au tatu kabla ya kukatwa.

Acha nafasi ya milimita 2 hadi 3 kwenye kidani kizima kabla ya kubana krimpu ya mwisho. Kidani kilichokazwa hadi mwisho hakipindi vizuri shingoni, na shanga zake husagana kwenye kila kona.

Hariri ni ya lulu. Kadi za kampuni ya Griffin zina mita 2 za uzi na sindano iliyokwisha kushikizwa, na namba zake zinalingana na vipenyo: namba 2 ni milimita 0.45, namba 4 ni 0.60, namba 6 ni 0.70. Hariri hurefuka, hivyo ining'inize na uzito mdogo usiku mmoja kabla ya kutunga. Kila fundo huongeza urefu, kwa hiyo usikate uzi kwa kipimo cha mtungo wa lulu ulivyokuja. Kwa bangili za mpira, 0.7 au 0.8, uvute mara kadhaa kabla, na usiutumie kabisa kwenye shanga zenye midomo mikali.

Vyuma

Kwa kanuni za biashara za Marekani, ambazo wauzaji wengi hutumia maneno yake, dhahabu ya kuvishwa yenye alama 1/20 14K ina tabaka la dhahabu ya karati 14 lenye uzito wa moja ya ishirini ya kitu chote, limeshikamanishwa na shaba njano kwa joto na mgandamizo. Vermeili ni fedha 925 iliyopakwa dhahabu isiyopungua mikroni 2.5 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita). Upakaji wa umeme huanzia mikroni 0.175, na chini ya hapo ni mguso wa rangi tu. Kishikizo hufunguliwa kila siku na vidole vyenye jasho, kwa hiyo kwenye kishikizo cha kidani nunua cha kuvishwa. Kwenye kofia za shanga, vile vikombe vidogo vinavyofunika ncha za ushanga, ambazo haziguswi, kilichopakwa kinavumilika ikiwa unene umetajwa.

Ndoano za hereni zina masharti makali zaidi, kwa sababu zinapita ndani ya mwili. Umoja wa Ulaya unaruhusu nikeli isiyozidi mikrogramu 0.2 kwa sentimita ya mraba kwa wiki kwenye sehemu zinazoingia kwenye tundu la sikio, na 0.5 kwenye vitu vinavyokaa juu ya ngozi. "Chuma cha upasuaji" aina ya 316L kina nikeli, zaidi ya asilimia 10, ingawa huiachia kidogo sana. Muuzaji anayekiita kisicho na nikeli anakosea. Kwa mteja mwenye masikio yanayovimba, titani au niobi ndiyo jibu. Vyuma visivyojulikana vijaribu kwa dawa ya kupimia nikeli: pamba ikigeuka waridi, nikeli inatoka.

Pete za kuungia ziangalie mahali zinapofunga. Ncha ziwe zimekatwa bapa na zikutane bila mwanya. Kwa kidani cha mawe ya milimita 8, pete ya waya wa milimita 0.8 hushikilia, ya 0.5 hufunguka kidani kikinaswa na nguo. Ifungue kwa kusukuma ncha moja mbele na nyingine nyuma. Ukizitanua kushoto na kulia hazirudi kuwa duara.

Kwa kaboshoni, yaani jiwe lisilotobolewa lenye mgongo wa kuba na tako bapa, ni neno moja tu: nunua vipimo vya kawaida kama 8 kwa 6, 10 kwa 8, 14 kwa 10, 18 kwa 13 na 25 kwa 18, maana fremu zilizo tayari hutengenezwa kwa vipimo hivyo, na uulize kimo cha jiwe. Urefu na upana vikilingana lakini jiwe likawa nene, kingo za fremu hazifiki pa kulishikilia.

Kuagiza

Picha unazostahili kuomba ni tatu: mtungo wote kwenye mwanga wa mchana karibu na rula, mdomo wa tundu kwa karibu, na mtungo juu ya mizani. Mwulize aina ya jiwe, kama limetiwa rangi, limechomwa, limejazwa au limepakwa, na umwombe aandike hayo kwenye risiti. Agiza mtungo mmoja wa majaribio kabla ya kumi. Ukiridhika, agiza mitungo yote unayohitaji kwa mkupuo, na mmoja wa ziada, kwa sababu rangi ya akiki ya mzigo unaofuata haitafanana na hii, iwe ya asili au ya kutiwa. Weka ushanga mmoja wa kila mtungo ndani ya kijaluba chenye jina la jiwe, tarehe na muuzaji. Mteja akirudi na kidani kilichokatika, utajua la kuagiza na kwa nani.

Na vipimo vyote hivi, lenzi, kalipa, mizani na pamba ya asetoni kwenye ushanga wa mwisho, vifanye siku mzigo unapofika, mtungo ukiwa bado umefungwa ncha zote mbili. Wauzaji wengi hupokea mtungo uliorudishwa ukiwa mzima. Ukishakata uzi wa muda, ni wako.